Wafanyakazi wetu wamechoka: je, mafunzo ya ustahimilivu yatatosha?

Swali: "Mimi ni afisa rasilimali watu katika shirika la kimataifa lenye ofisi katika nchi zaidi ya arobaini. Dodoso letu la mwaka huu limeonyesha kwamba wafanyakazi wamechoka, wengi hawalali vizuri, na baadhi wanasema waziwazi kuwa wanatafuta kazi kwingine. Mkurugenzi ameniagiza niandae mafunzo ya ustahimilivu kwa wote, na kuna kampuni imetuletea programu ya simu ya kutuliza mawazo. Je, vitu hivi vinasaidia kweli? Na kama havitoshi, nianzie wapi mtu kama mimi, nisiye na mamlaka ya kubadilisha muundo wa shirika?"

Jibu:

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili. La kwanza nitalijibu upesi. La pili ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu mamlaka unayodhani huna, kwa sehemu kubwa unayo.

Mafunzo ya ustahimilivu, yaani ya kumwezesha mtu kuhimili msongo, humsaidia mtu mmoja mmoja kwa kiasi, hasa yakiwa ya hiari na yakifundisha ujuzi halisi, kwa mfano namna ya kuyakata mawazo yanayomzunguka mtu kichwani usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, unayaruhusu na kuyapa nafasi yake. Lakini tatizo lililoonekana kwenye dodoso lako ni la shirika zima, na hapo ushahidi unakuwa mdogo. Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka mashirika 233 ya Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki mafunzo ya ustahimilivu, programu za simu za usingizi na utulivu, kozi za kupanga muda na kadhalika, na wenzao ambao hawakushiriki. Karibu katika kila kipimo, walioshiriki hawakuwa na hali nzuri kuliko wasioshiriki. Kilichojitokeza kuwa na manufaa ni kupewa nafasi ya kujitolea katika kazi za kijamii. Utafiti wa aina hiyo una mipaka yake, maana huenda wanaojiandikisha ni wale waliokwisha kuchoka zaidi. Hata hivyo, kama unataka kumwambia mkurugenzi kwamba mafunzo peke yake yatashusha uchovu wa shirika zima, ushahidi wa kukuunga mkono haupo.

Sababu yake inaeleweka ukisoma WHO wanavyoueleza uchovu wa kupindukia utokanao na kazi. Katika orodha yao ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, hali hiyo haikuwekwa kama ugonjwa. Imeelezwa kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na ina sura tatu: mtu anaishiwa nguvu, anajitenga na kazi yake au kuichukia, na anajiona hafai tena kuifanya. Chanzo kimetajwa hapo hapo, nacho ni kazi. Ukimfundisha mtu kutulia halafu ukamrudisha kwenye meza ileile, yenye mzigo uleule na mkuu yuleyule, umemwongezea jukumu jingine: sasa anatakiwa afanye kazi na pia aonekane ametulia. Wafanyakazi wanaliona jambo hilo haraka sana, na wengine hulichukulia kama dharau.

Basi tuzungumze kuhusu kazi yenyewe.

Christina Maslach na Michael Leiter, waliotumia miaka mingi kuuchunguza uchovu huu, walitaja maeneo sita ambayo mfanyakazi na kazi yake wanaweza kugongana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua namna ya kuifanya, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzake, haki, na maadili anayoyaamini. Mashirika mengi hulitazama eneo la kwanza tu. Ni kweli lina uzito. Mwaka 2021 WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa makadirio kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa 17%, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Takwimu hizo mpelekee mkurugenzi wako bila kuongeza neno.

Ila naomba uyape macho zaidi maeneo mawili yanayosahaulika, uwezo wa kuamua na haki. Tangu mwaka 1985 watafiti wakiongozwa na Michael Marmot walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London. Hawa hawakuwa wachimba madini wala mabaharia. Walikuwa watu wa ofisini, wenye mishahara na pensheni. Waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua mambo ya kazi yao waliugua moyo zaidi kuliko waliokuwa na uwezo mkubwa. Miaka kadhaa kabla, mwaka 1979, Robert Karasek alikuwa amekwisha kueleza kwamba kinachomwumiza mtu ni mchanganyiko: madai makubwa ya kazi yakiambatana na uhuru mdogo. Mtu anaweza kubeba mzigo mzito kwa muda mrefu akiwa na sauti juu ya lini, vipi na nani wa kumsaidia. Akinyang'anywa sauti hiyo, hata mzigo wa kawaida unamwelemea.

Sasa tuje kwenye mashirika kama lako, kwa sababu yana mambo yake ambayo kampuni ya mji mmoja haiyajui.

La kwanza ni saa. Chukua kikao cha timu cha kila Jumanne. Makao makuu wanakiweka saa tisa alasiri, wakati ambao kwao barua pepe zimepungua na kila mtu amekwisha kula. Kwa mwenzao aliye bara jingine upande wa mashariki, hiyo ni saa nne usiku. Anawalaza watoto, anafunga mlango, anavaa shati la kazini juu ya suruali ya kulalia, anaketi mbele ya kompyuta. Zamu yake ya kuzungumza inafika saa tano kasorobo, dakika tatu, kwa sababu ajenda imechelewa. Kikao kinakwisha saa tano na nusu, lakini kichwa bado kiko kazini, na usingizi unamjia saa saba. Asubuhi saa mbili wenzake wa ofisi yake wanamsubiri. Hakuna aliyemfanyia hivyo kwa kusudi. Mtu fulani alitengeneza mwaliko mara moja na kuuweka ujirudie kila wiki bila tarehe ya mwisho, na mgeni katika timu si mtu wa kuanza kwa kulalamikia saa za kikao.

Marekebisho ya jambo hili hayahitaji bajeti wala kubadilisha muundo. Saa za kikao zizunguke, ili usumbufu ugawanywe: mwezi huu makao makuu waamke mapema, mwezi ujao wengine wakeshe kidogo. Asiyekuwa na uamuzi wa kutoa asialikwe, atumiwe muhtasari. Ujumbe ulioandikwa usiku uwekwe utoke asubuhi kwa saa za anayepokea. Mwanasaikolojia Sabine Sonnentag na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu hupata nguvu upya pale akili yake inapoachana kabisa na kazi baada ya saa za kazi. Kukaa nyumbani huku simu inalia hakutoshi. Ufaransa iliona uzito wa jambo hili kiasi cha kuliweka katika sheria, ikianza mwaka 2017, kwamba kampuni kubwa zizungumze na wafanyakazi juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Katika shirika la nchi arobaini daima kuna mahali mchana umepamba, kwa hiyo bila kanuni iliyoandikwa, siku ya kazi haikwishi.

La pili ni mikataba, na hapa ndipo ofisi yako ina nguvu kuliko unavyodhani. Mashirika ya kimataifa hutegemea sana mikataba ya muda mfupi inayofuata fedha za wafadhili. Hilo huwezi kulifuta. Lakini mara nyingi kinachoumiza ni namna mkataba unavyohuishwa kuliko urefu wake. Mtu ana mkataba unaokwisha mwisho wa mwezi, na wiki mbili kabla bado hajaambiwa neno. Hawezi kusaini upya pango la nyumba, hawezi kumwandikisha mtoto shule, kibali chake cha kuishi nchini kinategemea barua hiyo hiyo. Anamwuliza mkuu wake, mkuu anasema anasubiri rasilimali watu; anawauliza rasilimali watu, wanasema wanasubiri fedha. Mwishowe barua inafika siku mbili kabla, na kila mtu anaona mambo yameisha salama. Kwa yule aliyekuwa akisubiri, miezi miwili imepita akiwa hana utulivu, na mwakani atapitia hayo hayo. Mtu wa namna hiyo pia hawezi kusema hapana kwa kazi ya ziada, hawezi kuripoti unyanyasaji, hawezi kuomba likizo aliyoistahili. Weka kanuni kwamba kila mwenye mkataba apewe jibu angalau miezi mitatu kabla, hata kama jibu lenyewe ni "bado hatujui, na tutajua tarehe fulani". Tarehe iliyotajwa na kuheshimiwa inampa mtu mahali pa kusimama. Kati ya yote nitakayokuandikia leo, nikiambiwa nichague moja, nitachagua hili.

La tatu ni pengo kati ya wafanyakazi walioajiriwa kimataifa na walioajiriwa ndani ya nchi. Nakuomba ulitazame kwa moyo, kwa sababu mikakati mingi ya ustawi hubuniwa na kundi la kwanza kwa ajili ya kundi la kwanza. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, una utaratibu wa mapumziko kwa wanaofanya kazi katika vituo vigumu: siku tano mfululizo, pamoja na muda wa safari, kila baada ya wiki 4, 6, 8 au 12 kulingana na ugumu wa mahali. Ni utaratibu mzuri na umewalinda watu wengi. Lakini umekusudiwa hasa walioajiriwa kimataifa, ambao kwao kituo ni mahali pa kutoka. Mwenyeji anabaki, kwa hoja kwamba yuko nyumbani kwake. Ila nyumbani kwake ndiko kwenye vita au mafuriko yale yale yaliyolileta shirika, na jioni harudi kwenye makazi yenye ulinzi, anarudi mtaani. Takwimu za kimataifa za usalama wa wafanyakazi wa misaada zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba walio wengi mno kati ya wanaouawa kazini ni wenyeji. Hata shirika lako lisipokuwa la misaada, pengo lina sura zake: nani anaondolewa hali ikichafuka, bima ya nani inalipia matibabu ya akili, mshauri nasaha anazungumza lugha ya nani. Kabla ya kununua chochote, keti na orodha ya huduma mlizonazo sasa na ujiulize kwa kila moja kama dereva wa ofisi ya mbali kabisa anaweza kuitumia, kwa lugha anayoiota.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Kuhamishwa mara kwa mara kunachosha familia nzima, hasa mwenzi asiyepata kibali cha kazi. Anayerudi nchini kwake baada ya miaka mingi nje pia anahitaji msaada, na karibu hakuna anayemfikiria. Nayo marekebisho ya muundo, yale yanayotangazwa kwa barua ndefu kisha kimya cha miezi minane, huwachosha waliobaki kama wanaoondoka. Kama mkurugenzi anaona hili ni jambo laini la hisia, mweleze kilichotokea France Télécom, kampuni ya simu ya Ufaransa, ambako mpango wa kuondoa ajira 22,000 katikati ya miaka ya 2000 uliendeshwa kwa kuwabana watu hadi waondoke wenyewe. Wafanyakazi kadhaa walijiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliwatia hatiani viongozi wa zamani wa kampuni kwa unyanyasaji wa kitaasisi, na Januari 2025 mahakama ya juu ya Ufaransa ilithibitisha msimamo huo. Sera ya usimamizi yenyewe ilihesabiwa kuwa kosa.

Nisiache jambo la mameneja, maana kwa mfanyakazi wa kawaida, shirika ni mkuu wake wa karibu. Mwongozo ule wa WHO unapendekeza kwa nguvu kwamba mameneja wafunzwe kuhusu afya ya akili ya walio chini yao, kwa hiyo kama kuna fedha za mafunzo, zipeleke huko kwanza. Hawahitaji kufanywa wanasaikolojia. Wanahitaji kujua kuona, kuuliza, kurekebisha kazi, na kuelekeza mtu kwenye msaada. Kinachowashinda wengi ni kuuliza. Wanasema "Uko sawa?" wakiwa wamesimama mlangoni, wanajibiwa "Niko sawa", yamekwisha. Wafundishe kusema hivi, wakiwa wameketi, mlango umefungwa au kamera imewashwa kwa wawili tu: "Nimeona wiki tatu hizi unatuma kazi usiku wa manane, na jana kwenye kikao hukusema neno. Sijui kuna nini, na si lazima uniambie. Ninachotaka kujua ni kitu gani katika kazi yako nikiondoe au nikisogeze mbele wiki hii." Kisha wanyamaze. Kimya kinaweza kuwa kirefu, na meneja asiyezoea atataka kukijaza kwa ushauri au kwa habari za uchovu wake mwenyewe. Asikijaze. Halafu, na hili ndilo linalojenga imani, kile kilichotajwa kiondolewe kweli, kwa barua pepe inayoonekana na wote wanaohusika, kabla ya mwisho wa siku. Meneja akiuliza vizuri na asiondoe kitu, afadhali asingeuliza.

Mameneja hao nao watazamwe. Wengi wako katikati, wanapokea malengo kutoka juu na machozi kutoka chini, na waliteuliwa kwa sababu walikuwa hodari katika fani yao, hawakuwahi kufundishwa kuongoza watu. Katika tathmini ya utendaji ya meneja weka swali moja tu juu ya hali ya timu yake, lijibiwe na timu. Shirika linalompandisha cheo mtu anayefikisha malengo huku akiwamaliza watu limekwisha kutangaza linachothamini, na hakuna warsha itakayolifuta tangazo hilo.

Kuna suala la matukio mazito: shambulio, ajali, kifo cha mwenzetu. Tarehe 19 Agosti 2003 bomu lililipuliwa kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa katika Hoteli ya Canal mjini Baghdad. Walikufa watu 22, akiwemo Sergio Vieira de Mello, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa nchini Iraq, na tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kibinadamu Duniani. Baada ya matukio kama hayo mashirika hutaka kufanya kitu haraka, na kwa muda mrefu kitu hicho kilikuwa kuwakusanya watu na kuwataka wasimulie walichokiona na walivyojisikia. Nia ni njema, ila mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2002 hayakupata ushahidi kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia madhara ya baadaye ya kisaikolojia, na katika baadhi ya tafiti walioketishwa walionekana kuwa na hali mbaya zaidi kuliko wasioketishwa. Kwa hiyo usimlazimishe mtu kusimulia. Badala yake kuna huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo WHO na washirika wake waliitolea mwongozo mwaka 2011: kutazama nani anahitaji nini, kusikiliza anayetaka kuzungumza, na kuunganisha watu na familia zao, na taarifa za kweli, na huduma. Wafanyakazi wa kawaida katika kila ofisi wanaweza kuijifunza. Wengi hupona kwa muda wao wenyewe wakiwa na usalama, taarifa na watu wanaowapenda. Wachache ambao baada ya wiki kadhaa bado hawalali, wanashtuka ovyo au wanakwepa kila kinachowakumbusha, wapelekwe kwa mtaalamu, na shirika lilipe.

Huduma ya ushauri nasaha mnayo, bila shaka, na bila shaka inatumiwa na wachache. Kabla ya kuitangaza upya, chunguza sababu. Mara nyingi watu wanaogopa kwamba kilichosemwa kitamfikia mkuu wao, au kitaonekana pale watakapoombewa cheti cha afya kwa ajili ya uhamisho. Hofu hiyo haiondolewi kwa bango lenye neno "siri". Inaondolewa kwa mambo yanayoweza kukaguliwa: mshauri asiwe chini ya rasilimali watu, kumbukumbu zake zisihifadhiwe kwenye mfumo wa shirika, na kanuni iandikwe ikisema waziwazi ni katika hali zipi chache usiri unaweza kuvunjwa, kama vile maisha ya mtu yakiwa hatarini. Utafiti wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2015, ulioshirikisha wafanyakazi zaidi ya 17,000, ulikuta karibu nusu yao wana dalili zinazoendana na tatizo la afya ya akili. Ndani ya jengo lako pia wamo, na wengi wao wanafanya kazi nzuri huku wakificha.

Hilo linanirudisha kwenye dodoso lako, kwani ndiko nitakakokushauri uanzie. Usilisome kwa wastani wa shirika zima. Lisome kwa kitengo, kwa aina ya mkataba, kwa walioajiriwa kimataifa na wa kitaifa, kwa wanawake na wanaume, ila usitoe matokeo ya kikundi kidogo kiasi kwamba mtu anaweza kutambuliwa. Na kitengo kilichojibu kwamba kila kitu ni kizuri, kitazame mara mbili. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza timu za hospitali katika miaka ya 1990, alikuta kwamba zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, kwa sababu watu wake hawakuogopa kusema. Palipo na ukimya kamili, huenda pana hofu.

Ukishasoma, chagua vitengo viwili au vitatu vyenye hali mbaya na uende ukakae na watu wake. Waulize kitu gani katika wiki yao kinawachosha bila faida kwa yeyote. Utasikia mambo madogo ya kushangaza: ripoti moja inayoandikwa mara tatu kwa wafadhili watatu, kibali cha safari kinachopita kwenye saini sita, mfumo wa malipo unaofungwa kila Ijumaa. Ondoa mawili kwa kila kitengo ndani ya miezi mitatu, na utangaze kwamba yameondolewa na ni wao walioyataja. Kwa kufanya hivyo umegusa wingi wa kazi, umewapa sauti, na umeonyesha haki, yaani maeneo matatu kati ya yale sita, bila kubadilisha muundo wa shirika. Ukihitaji msingi rasmi wa kazi hii, upo: mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 45003 kinachoelekeza jinsi ya kusimamia hatari za kisaikolojia kazini kama zinavyosimamiwa hatari za mwili, na Juni 2022 ILO iliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Wakurugenzi wengi husikiliza upesi zaidi neno "hatari" likiwa kwenye rejista ya hatari za shirika kuliko neno "ustawi" likiwa kwenye jarida la ndani.

Kwa mkurugenzi, usiende kukataa agizo lake. Mwambie mafunzo yatakuwepo, yakianza na mameneja, na yatakuwa ya hiari kwa wengine. Mwambie pia kwamba pamoja nayo unaomba ridhaa yake kwa mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: kanuni ya miezi mitatu ya mikataba, kanuni ya saa za vikao na za kutuma ujumbe, na ruhusa ya kuondoa kero katika vitengo vichache vya kuanzia. Mwombe, kama atakubali, awe wa kwanza kuifuata ile ya pili; watu wataangalia saa ambayo barua pepe zake zinaingia.

Programu ya simu waachie wanaoitaka, kama bei ni ndogo na kama mkataba unasema wazi kwamba shirika halitaona taarifa za mtumiaji. Usiifanye kuwa lazima na usihesabu walioipakua kama mafanikio. Baada ya miezi sita hesabu mambo mengine: ni mikataba mingapi ilipata jibu miezi mitatu kabla, ni siku ngapi za likizo zilizochukuliwa kweli badala ya kulimbikizwa, ni wangapi waliougua kwa muda mrefu wakarudi kwa ratiba iliyopunguzwa na bado wako kazini, ni nani wanaoacha kazi na wanatoka chini ya meneja gani. Takwimu hizo zote tayari ziko kwenye mifumo ya ofisi yako, na unaweza kuanza kuzitoa wiki hii.